Mama ana vidonda vya mdomoni kwa ajili ya kemo, maji gani ya asili ya kusukutua hayatamtesa?

BintiWaPili

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naombeni msaada, leo siku ya tatu mama yangu hajatia kitu cha maana tumboni zaidi ya supu ya kuchuja anayoimeza huku kakunja uso. Ana saratani ya utumbo mpana, kemo (dawa za kuua saratani) ameshapata dozi mbili, zinapishana wiki mbili wiki mbili. Ya kwanza ilipita salama, hii ya pili siku ya tano akaanza kusema ulimi unawaka kama mtu aliyeungua na chai, mi nikachukulia kawaida tu, kesho yake nikamwambia mama hebu fungua mdomo nimulike na tochi ya simu, jamani, ndani ya mashavu pote pekundu panang'aa kama ngozi iliyobabuka na chini ya ulimi kuna vidonda viwili vikubwa. Mswaki saivi hataki hata kuuona.

Juzi mama mdogo akaja na dawa yake, kachemsha karafuu, kaipoza, kakamulia ndimu, anasema hii ni ya asili haina madhara asukutue kutwa mara tatu. Mama aliweka mdomoni hata sekunde tano hazikufika akatema, machozi yanamtoka, akashika shavu akageukia ukutani na hakuongea na mtu mpaka jioni. Kikombe nilimshikia mimi na roho inaniuma mpaka sasa.

Mwenyewe anasema dawa za hospitali zilizomo mwilini zinamtosha, mdomoni anataka kitu cha asili. Sasa watu wanataja chumvi, asali, aloe vera, binzari, chamomile, kila mtu na lake, sijui nishike lipi. Na ile dawa ya kusukutua ya chupa, ya minti, tuliyonayo bafuni je, inafaa? Naombeni wenye uzoefu.

MzeeWaKoo

Pole sana mwanangu, na mama mpe pole yangu. Mimi nilipigwa mionzi ya koo wiki saba, siku tano kila wiki, jumla mara 35, kwa hiyo unachokieleza nakijua. Kwangu mdomo ulianza kuwaka wiki ya tatu, na mionzi ilipoisha vidonda havikuondoka siku hiyo, vilikaa karibu mwezi mzima tena.

Kilichonivusha ni chupa ya lita moja. Kila asubuhi mke wangu alikuwa anachemsha maji, anayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, anatia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha beking soda, vijiko vya kusawazisha siyo vya kujaza mlima, anatikisa. Chupa inakaa pembeni ya kitanda na kikombe kidogo na bakuli la kutemea. Kila baada ya masaa mawili nasukutua, usiku pia nikiamka kwenda chooni nasukutua ndo narudi kulala. Yakibaki jioni yanamwagwa, kesho yanatengenezwa mengine.

Kuna siku nilitengeneza mwenyewe, nikawaza chumvi ikizidi ndo itasafisha zaidi, nikatia vijiko vitatu. Mwanangu usijaribu. Ule moto uliokuja sijausahau na mdomo ulikauka siku nzima.

Sitakudanganya kwamba maji yale yaliniponya. Vidonda vilipona vyenyewe wakati wake ulipofika. Lakini ule ute mzito unaonata kooni kama gundi ulikuwa unalegea nautema, harufu ikapungua, nikaweza kumeza mate bila kwanza kujiandaa. Kwa mtu aliye katika hali ile, hicho ni kitu kikubwa.

NesiZamuYaUsiku

Dada pole, na usijilaumu kuhusu hicho kikombe, hili naliona wodini karibu kila wiki na anayeshika kikombe siku zote ni yule anayempenda mgonjwa zaidi.

Nikueleze kwanza kinachotokea mdomoni mwa mama maana ukikielewa hutahangaika tena kuuliza hiki je, kile je. Ngozi laini ya ndani ya mdomo inajibadilisha haraka sana, ndani ya wiki moja au mbili yote inakuwa mpya. Kemo inalenga chembe zinazogawanyika haraka, haijui kutofautisha hii ya saratani na hii ya shavu, kwa hiyo ya zamani inabanduka na mpya haijaja. Ndo maana vidonda vinaanza siku ya tano mpaka ya kumi baada ya dripu na vingi vinapona ndani ya wiki mbili au tatu. Katikati hapo mdomo wa mama ni kidonda kibichi. Sasa jiulize, je hiki ningekimwaga kwenye goti lililochubuka? Ndimu ni asidi. Karafuu ina mafuta makali, watu wanaisifia kwa jino linalouma kwa sababu inatia ganzi, ila kwenye ngozi iliyobabuka inaunguza. Siki nayo hivyo hivyo, na tangawizi, na mafuta ya mti wa chai ambayo juu ya hilo ni sumu yakimezwa. Vyote vya asili na vyote vinaunguza.

Na hiyo ya minti ya chupa iondoe kabisa, soma nyuma, nyingi zina spiriti ndani, inachoma na inakausha.

Maji aliyoeleza mzee hapo juu ndo tunayowapa wagonjwa wetu, vipimo vyake viko sawa kabisa. Chumvi kiasi kile inakaribia chumvi iliyomo mwilini ndo maana haichomi, beking soda inapunguza asidi na kulegeza ute. Kama hata hapo bado anasikia inachoma, acha chumvi, weka beking soda peke yake kwanza, chumvi utairudisha akipata nafuu. Ila hakikisha ni beking soda tupu, siyo beking pauda ambayo imechanganywa na asidi ya unga, wala magadi ya kufulia, hayo yanachubua. Watu wanachanganya sana hapa.

Asukutue taratibu, siyo kwa nguvu ya kupuliza mashavu. Achukue funda dogo, ainamishe kichwa kulia maji yakae kidogo, kushoto yakae, kama nusu dakika hivi, ateme. Asimeze. Baada ya hapo asile wala kunywa kama dakika 15. Baada ya kula asukutue, kabla ya kulala asukutue, na akitapika asukutue kwanza kabla hata ya kufikiria mswaki maana asidi ya tumboni iko mdomoni.

Nina maswali. Ana meno ya bandia? Ana homa? Anaharisha? Na kemo yake inaitwaje, majina ya dawa yameandikwa kwenye kadi yake ya matibabu.

KakaMtulivu

Mi nachangia kitu kimoja ambacho sijaona mtu ametaja, BARAFU. Mke wangu alikuwa anamumunya vipande vya barafu wakati dawa inaingia, anaanza dakika tano kabla, anaendelea mpaka nusu saa inaisha. Baridi inabana mishipa ya damu ya mdomoni kwa hiyo dawa inayofika pale inakuwa kidogo. Mzunguko wa kwanza hakutumia, mdomo ukachanika wote, wa pili akatumia akapata kidonda kimoja tu. Ni maji tu yaliyoganda, asili zaidi ya hapo hamna. Mjaribishie mama dada.

NesiZamuYaUsiku

Kaka asante, na ni kweli kwa baadhi ya dawa barafu inasaidia sana, fluorouracil ile inayosukumwa kwa mara moja ni mojawapo, na melphalan ya dozi kubwa. LAKINI dada usimpe mama barafu wala kitu chochote cha baridi kabla hujanijibu majina ya dawa. Tafadhali nenda kaangalie kadi sasa hivi.

BintiWaPili

Nimeisoma hapa, imeandikwa oxaliplatin, halafu leucovorin, halafu fluorouracil ya kusukuma na fluorouracil nyingine ya masaa 46, hiyo ndo ile chupa anayorudi nayo nyumbani ameifunga kiunoni. Meno ya bandia anayo ya juu, ya kuvua. Homa sijapima ila mwili naona wa kawaida. Kuharisha kidogo jana mara mbili.

Na dada nesi kuna kitu nimekikumbuka ulivyosema baridi. Siku ile ametoka kwenye dripu alikunywa maji ya kwenye friji akashika koo akasema yanamchoma kama sindano na hawezi kupumua vizuri, tukaogopa, ikaisha yenyewe. Mi nikadhani ndo mwanzo wa vidonda.

NesiZamuYaUsiku

Hapo ndo nilipokuwa naogopea. Hiyo ya koo haikuwa vidonda, ni oxaliplatin. Inafanya mishipa ya fahamu isivumilie baridi, kwa siku kadhaa baada ya dripu mtu akinywa baridi koo linabana anahisi hapumui, akishika kitu cha baridi vidole vinachonyota. Kwa hiyo kwa mama barafu hapana, na maji yake ya kusukutua yawe vuguvugu kila mara, usiyaweke kwenye friji hata kama unataka yasiharibike, ndo maana unatengeneza mapya kila siku. Na hilo tukio la koo mwambie daktari wake kabla ya dozi ijayo, wasije wakalisikia kwa bahati mbaya.

Meno ya bandia avue, avae wakati wa kula tu kama anaweza, yakianza kusugua basi yakae nje kabisa, usiku yalale kwenye maji safi.

Sasa sikiliza hili vizuri. Nunueni kipimajoto leo, kugusa paji la uso hakutoshi. Ikifika nyuzi 38 usisubiri asubuhi, piga simu hospitali hata iwe saa nane za usiku, kwa sababu wakati huu kinga iko chini na kila kidonda cha mdomoni ni mlango wa wadudu kuingia kwenye damu. Pia akishindwa kunywa maji kabisa, au mkojo ukawa kidogo na wa rangi nzito, au kuharisha kukaongezeka pamoja na hivi vidonda, mpeleke. Kuna watu wachache ambao mwili wao unashindwa kuivunja fluorouracil, dawa inakaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na dalili zinakuja hivyo hivyo, mdomo na tumbo kwa pamoja. Simaanishi mama ndo yuko hivyo, kwa wengi huwa hata dozi ya kwanza tu inawaonyesha. Namaanisha kesho piga simu kliniki waambie neno kwa neno ulivyotuambia hapa, ili waamue wenyewe kama wamuone au kama dozi ijayo ipunguzwe. Wengi wanaficha vidonda wakidhani kemo itasimamishwa, mwishowe wanakuja hali mbaya zaidi.

MamaPacha_2

Mdogo wangu pole mno. Mimi mwanangu alikuwa na leukemia, yaani saratani ya damu, dawa ya kemo ya methotrexate ndo ilimtoa vidonda mdomoni, mtoto wa miaka minne hajui kusukutua anameza tu, kwa hiyo tulikuwa tunachovya kitambaa laini cha gozi kwenye yale maji ya beking soda, nazungushia kidoleni napangusa taratibu, fizi kwanza, mashavu, ulimi mwisho maana ulimi unamtapisha. Kama mama siku nyingine atachoka hata kusukutua, fanya hivyo.

Nilichotaka kusema hasa ni hiki. Tuliendelea na maji yetu siku nne nikaona ulimi umekuwa mweupe, nikafurahi nikadhani ngozi mpya ndo inaota. Kumbe fangasi. Ni utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, ukipangusa unatoka na chini yake pekundu panatoa damu kidogo. Maji ya soda hayaondoi hiyo, inataka dawa yake, yeye alipewa nystatin ya matone, unaiacha izunguke mdomoni ndo anameza. Nilichelewa siku tatu kwa kushangilia kitu ambacho sikukijua. Kwa hiyo ile tochi ya simu usiiache, mulika kila siku, asubuhi kabla hajasukutua, na ukiona weupe umetandaa piga simu.

Aloe vera mimi nilijaribu, ile ya kukata jani, na huyo mtoto alikataa kwa uchungu wake. Baadaye daktari akaniambia utomvu wa njano ulio chini ya ganda unaharisha, na yeye tumbo tayari lilikuwa bovu. Niliacha.

FiziNaMeno

Natibu meno, na wagonjwa wa saratani wanaletwa kwangu kabla na wakati wa matibabu. Nijibu ulivyoorodhesha vya asili maana swali lako la kwanza bado halijajibiwa lote.

Asali ina ushahidi kuliko watu wanavyodhani. Mwongozo wa MASCC wa mwaka 2020, hiki ni chama cha kimataifa cha huduma saidizi kwa wagonjwa wa saratani, unaitaja kama kitu cha kuzuia vidonda kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo, yaani watu kama MzeeWaKoo, unaizungusha mdomoni kisha unameza. Kwa kemo ya aina ya mama haijapewa nafasi hiyo. Na ni sukari, kwenye mdomo mkavu sukari inatoboa meno haraka sana, kwa hiyo anayeitumia lazima asafishe meno. Asali mbichi kwa mtu ambaye chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zimeshuka, uliza kwanza, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo kwa mtu mzima wa afya havifanyi kitu.

Chamomile ilifanyiwa utafiti uliotoka mwaka 1996, wagonjwa 164, tena waliokuwa wanapewa fluorouracil kama mama yako. Nusu walisukutua chamomile na nusu maji ya kuigiza yasiyo na chamomile, hapakuwa na tofauti. Ikiwa vuguvugu na nyepesi haitamuumiza na kama anapenda harufu yake sina ugomvi nayo, ila usiitegemee. Binzari kuna tafiti ndogo zenye matumaini, bado ushahidi hautoshi, na unga wake una chembe zinazokwaruza, mi simshauri mtu mwenye kidonda wazi. Chochote cha kumeza, majani, mizizi, vidonge vya mitishamba, daktari wa kemo akijue kwanza maana vingine vinagombana na dawa.

Mswaki asiuache. Najua unauma, lakini uchafu ukikaa kwenye fizi vidonda vinachelewa na vinaota usaha. Tafuta ule laini kuliko wote, uloweke kwenye maji ya moto dakika chache nywele zilegee, dawa ya meno isiyo na minti kali yenye floraidi, kiasi cha punje ya mbaazi. Siku ambayo hawezi kabisa, gozi kama alivyosema mama pacha. Midomo ya nje mpake mafuta kila mara isipasuke.

Na maumivu muombee dawa ya maumivu, anywe nusu saa kabla ya kula. Naelewa hataki dawa zaidi, ila mwambie ukweli kwamba asipokula mwili hautakuwa na nguvu ya kujenga hiyo ngozi mpya. Zipo pia dawa za kusukutua zinazotia ganzi, daktari anaandika. Kama atapewa hiyo, asile mpaka ganzi iishe, vinginevyo atajing'ata shavu au chakula kitapita njia siyo.

BintiWaPili

Nimerudi ndugu zangu, zimepita siku tano. Nilipiga simu kliniki kama dada nesi alivyoniambia, wakasema mleteni, wakamwangalia, wakapima damu, wakakuta chembe nyeupe zimeshuka ila homa hana. Fangasi ilikuwepo kidogo pembeni ya ulimi, mimi na tochi yangu sikuiona, MamaPacha Mungu akubariki, kapewa hiyo hiyo nystatin. Kuhusu lile la koo na baridi daktari alisema mbona hamkusema, akaandika kwenye faili.

Maji tunatengeneza kila asubuhi. Siku ya kwanza na chumvi ilimchoma kidogo nikaweka soda peke yake, siku ya tatu nikarudisha chumvi akasema sawa. Mama mdogo ndo amechukua zamu ya mchana, nilimweleza kuhusu ndimu na karafuu pole pole akaelewa, alisikitika sana, sasa yeye ndo anapima vijiko kwa kisu juu vikae sawa na hakubali mtu mwingine aguse chupa. Jana mama alikula viazi vya kupondwa nusu sahani. Leo asubuhi kaniambia mdomo una ladha ya maji tu, hauna tena ladha ya chuma.

Swali la mwisho, dozi ya tatu ni wiki ijayo, wameipunguza kidogo. Nisubiri mpaka mdomo uanze kuwaka ndo tuanze maji au?

NesiZamuYaUsiku

Usisubiri. Anza siku hiyo hiyo ya dripu, mara nne kwa siku kila baada ya chakula na kabla ya kulala, mdomo ukiwa bado mzima. Ukianza kuwaka ongeza iwe kila masaa mawili. Vuguvugu.

MzeeWaKoo

Nimefurahi kusikia hivyo mwanangu. Muwekee na kikombe kile kile kidogo, kikubwa kinachosha mkono.